Nyumba ya Bamburi, Krismasi ya 2018

Mamangu alifika miaka sitini na nane bila kuona bahari. Alizaliwa Njoro, akaolewa Nakuru, akafundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na kila Desemba ikikaribia alikuwa anasema mwaka ujao, mwaka ujao ukifika kuna karo ya mtu ama kuna mgonjwa wa kupelekwa hospitali. Sasa 2018 sisi watoto tukasema hapana, Krismasi hii lazima aone Mombasa, treni ya SGR kutoka Nairobi ilikuwa imeanza mwaka uliotangulia kwa hiyo hata lile basi la usiku kucha halikuwa kisingizio tena, na tiketi ya ekonomi ilikuwa elfu moja tu.

Tiketi tulipata bila shida juu tulibuku mapema. Vita ilikuwa tutalala wapi.

Dada yangu alitaka Diani. Alikuwa na picha kwa simu za mchanga mweupe na minazi imeinama, na kusema ukweli Diani ni pazuri hakuna wa kubisha. Shemeji akasema Nyali, kuna supamaketi, kuna mahoteli ya kula, mtoto akiugua usiku hospitali iko karibu. Mi nilitaka Mji wa Kale, nyumba za mawe zenye dari la juu, azana alfajiri, ukitoka mlangoni unanunua mahamri na mbaazi kwa jirani, halafu Fort Jesus unaenda kwa miguu. Tulibishana kwa WhatsApp wiki nzima, kila mtu anatuma picha zake, na hakuna aliyemuuliza mama.

Wikendi moja nikaenda Nakuru nikamwonyesha picha zote. Akavaa miwani akaziangalia pole pole, akarudisha simu, akaanza kuuliza. Huko Diani tunafikaje? Nikamwambia treni inatuacha Miritini usiku, tunachukua gari mpaka Likoni, tunavuka na feri, halafu Ukunda. Akasema mimi kwa feri siingii. Alikuwa anakumbuka Aprili 1994, MV Mtongwe ilipopinduka asubuhi watu wakienda kazini, watu 272 wakafa, yeye aliisikia redioni na kuna mwalimu mwenzake alipoteza ndugu. Nikamweleza kile kilikuwa kivuko cha Mtongwe na sisi tungepitia Likoni. Akaniuliza, maji si ni yale yale? Na kweli ni yale yale ya Kilindini, nikanyamaza. (Siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu, unafika Diani bila kupanda feri, lakini wakati huo haikuwa imefika upande wa pili.)

Mji wa Kale je? Akauliza gari linafika mlangoni? Mara nyingi halifiki, vichochoro ni vyembamba. Ngazi ziko? Ziko, na zile za zamani zimesimama wima kweli. Mama ana magoti yake, akipanda ghorofa moja lazima akae chini apumzike. Na bahari naiona nikikaa wapi? Hapo nikakwama, juu Mji wa Kale una bandari ya majahazi na ukuta wa ngome lakini ufuo wa kukaa na kuingiza miguu majini hakuna. Akasema basi huko tutatembea siku moja, kulala tutalala mahali naweza kutoka kwa miguu yangu mwenyewe nione bahari bila kungoja mtu anipeleke.

Halafu akauliza maji yako vipi. Mtu wa Nakuru lazima aulize maji, sisi tumekua na floraidi, wengi wetu meno ni ya kahawia, kwa hiyo swali la bomba kwetu si swali dogo.

Basi nikaanza kupiga simu, mama amekaa pembeni, simu kwa spika. Tulitafuta upande wa Bamburi na Shanzu, juu huko hupandi feri, unaingia kisiwani kwa Makupa unatoka kwa daraja la Nyali, na bei ziko chini kuliko Nyali yenyewe. Majibu tuliyopata, uwii. Ukiuliza bahari iko umbali gani unaambiwa dakika tano, ukisema kwa mguu ama kwa gari mtu anakohoa. Ukiuliza maji, maji yako sawa. Sawa ni nini? Kuna mmoja fleti yake ilikuwa nzuri hata dada alianza kulainika, akataka tutume pesa yote kwa M-Pesa kabla ya jioni ati kuna wengine wanaitaka, nikamwomba video ya jikoni akasema netiweki mbaya. Tuna binamu anaishi Kisauni, nikamwomba apite. Akanipigia akiwa mbele ya jengo lenyewe, bado linapigwa plasta, madirisha hakuna.

Ile tuliyochukua tuliipata kupitia huyo huyo binamu, nyumba ya chini ndani ya kiwanja cha mama mmoja mtu mzima wa Bamburi ambaye hakuwa hata na picha za maana. Mama akachukua simu akaongea naye mwenyewe.

"Maji ya bomba ni ya kisima, mama, yana chumvi. Ya kuoga na kufulia tu, na sabuni haitoi povu, msije mkanilaumu. Ya kunywa na ya chai twanunua mitungi kwa mkokoteni, nitawawekea."

Ngazi? Hakuna hata moja. Baharini? Barabara tambarare, mzee wa magoti robo saa akienda taratibu, na kuna mti wa kupumzikia katikati ya njia. Feni iko, neti ziko, eisi hakuna, na Desemba ni joto, asiyeweza joto asije. Halafu akatuambia kitu ambacho hakuna mwenye fleti aliyetuambia, kwamba wiki hiyo ya Krismasi ni bamvua, mwezi mpevu, kwa hivyo asubuhi kama saa nne maji yapwa mbali kabisa mpaka waona mwamba, na alasiri yajaa mpaka yafika ukutani. "Mkitaka kutembea tokeni asubuhi, mkitaka kuogelea tokeni saa tisa saa kumi."

Mama akaweka simu chini akasema hapa.

Tulifika Miritini usiku, msongamano wa malori Changamwe, mtoto wa dada amelala, na tulipokuwa juu ya daraja la Nyali mama akateremsha kioo akauliza kama hii ndiyo bahari. Shemeji akamwambia ni mkono wake tu, mama hakufunga kioo mpaka Kongowea. Kwa lango mwenye nyumba alikuwa ametungoja na taa, akamshika mama mkono, "Ngia ndani mama, ngia, mwatoka mbali," na chai ya tangawizi ilikuwa tayari, ya maji ya mtungi.

Asubuhi ilikuwa vile tulivyoambiwa. Maji yamekupwa, mchanga mgumu umelowa, na kumbe mchanga wa namna hiyo magoti hayateseki kama kwa lami. Mama akavua viatu. Alitembea mbali kuliko nilivyomwona akitembea kwa miaka, tena hakutaka kushikwa. Tungekuwa tumelala fleti ya ghorofa ya tatu angeshuka mara moja kwa siku na sisi tungesema amechoka. Pale alikuwa anatoka wakati anataka, sisi bado tumelala, anarudi na samaki amenunua kwa wavuvi ameshabembeleza bei. Alasiri anaketi kwa ukuta maji yakija, anatuita mtazame, mtazame yamefika wapi.

Pirates, ule ufuo wa bure wa Bamburi, siku ya Krismasi kulijaa mpaka mchanga hauonekani, ngamia, tyubu za kukodi, muziki kila upande, mtoto alipenda sana, mama aliangalia kidogo akarudi kwa mti wake. Mji wa Kale tulienda kama nilivyotaka, tukaingia Fort Jesus, akataka kujua Wareno walianza kuijenga lini, nikamwambia 1593, akaikuna ile mawe ya matumbawe kwa kucha kama mwalimu anayekagua daftari. Jioni tukala mihogo Lighthouse tukiangalia meli zinaingia Kilindini.

Siku ya kuondoka nilikuwa nafunga mabegi nikamkosa ndani, nikamkuta nyuma ya nyumba na mwenye nyumba, wamekaa kwa mkeka na karatasi. Mama alikuwa anapangia wanawake wa chama chake safari. Mwenye nyumba anamwambia waje Agosti, bei nashusha, na joto limepoa kwa upepo wa kusi. Mama anaandika majina, anauliza ile nyumba ya pili ina ngazi ngapi, mwenye nyumba anasema sita, mama anasoma orodha yake kutoka juu, huyu ataweza, huyu hawezi, huyu mpe ya chini pamoja na mimi. Akaniita nimtumie dipoziti kwa M-Pesa, atanirudishia Nakuru.