Siku moja maishani mwangu: mwandishi wa skripti na daftari la madeni

Saa 10:50 alfajiri

Simu inaita kabla hata ya adhana. Sauti ya mwanamke mtu mzima: "Mama Shadia, hujambo? Ndiyo umeamka?" Namjibu shikamoo, mama, umekosea namba. Anasema marahaba, samahani mwanangu, anakata. Laini hii niliisajili miaka miwili iliyopita, na mpaka leo anayetafutwa zaidi kwenye simu yangu ni Mama Shadia, siyo mimi. Nimeshazoea, kama mtu aliyepanga jirani na baa.

Usingizi umekata. Nafungua ujumbe, nakutana na wa prodyuza, wa saa sita usiku: "Dada, episodi ya nne nimefika ukurasa wa sita sijacheka. Njoo mchana tuongee."

Saa 12 asubuhi

Chai ya rangi, kiporo cha wali, laptop juu ya stuli. Nikikwama kwenye komedi huwa narudi kwa Wahindi, na kwa Wahindi huwa narudi kwenye filamu ya Hera Pheri ya mwaka 2000, aliyoiongoza Priyadarshan. Mara ya kwanza niliiona utotoni kwenye kibanda umiza, tumebanana kwenye benchi, mkalimani akiongea Kiswahili juu ya sauti za waigizaji. Baburao wa Paresh Rawal alikuwa anaongea kama mwenye nyumba wa Manzese mwisho wa mwezi. Nilipokuja kuiona kwa sauti yake halisi, ukubwani, ndipo nikagundua mkalimani alikuwa akitunga nusu ya maneno. Kisa chenyewe kilikuwa palepale, hakijapungua kitu.

Leo nimejiwekea sharti: nisicheke, nihesabu madeni tu. Nachukua daftari la mistari, naligawa kama daftari la mangi wa dukani, jina la mhusika huku, deni kule.

Shyam: ana deni la Khadak Singh, na pesa ile Khadak Singh anaihitaji kwa harusi ya dada yake. Anaidai benki kazi kwa sababu baba yake alifia kazini pale. Anuradha: anaitaka kazi hiyohiyo ya Shyam. Raju: anadaiwa kodi na Baburao, na anamdanganya mama yake kwamba mambo yamemnyookea. Baburao: anawadai watu wasio na kitu, na gereji yake haimtajirishi.

Nimejaza ukurasa mzima na sijaandika kichekesho hata kimoja. Msimulie mtu kisa hiki kwa uso mkavu, atakuambia pole. Mtu mmoja hana kazi, mwingine anamficha mama ukweli, wa tatu haoni vizuri na anakunywa, halafu mtoto anatekwa. Hii ni tanzia iliyovalishwa singlendi.

Narudisha nyuma sehemu za simu. Narudisha tena. Gereji ya Baburao inaitwa Star Garage. Mjini kuna tajiri wa samaki, Devi Prasad, na kampuni yake ni Star Fisheries. Kwa kosa la kitabu cha simu, watu wanaomtafuta tajiri wanampata Baburao. Kwa hiyo Baburao, miwani minene kama kitako cha chupa, kila mara anashika mkono wa simu na kugombana na mtu anayetaka samaki. Tunacheka. Halafu tunasahau.

Baadaye sana, filamu imeshaenda karibu nusu ya safari yake ya zaidi ya saa mbili na nusu, simu ileile inaita, na safari hii ni mtekaji, Kabira, anayedhani amempata Devi Prasad: nimemteka mjukuu wako, lete pesa. Hakuna mtazamaji anayeuliza mtekaji amekosea vipi namba. Tumeshaonyeshwa, na tulipoonyeshwa tulikuwa tunacheka. Mtu akishalicheka jambo halitilii shaka tena. Naiandika sentensi hiyo pembeni ya daftari na kuizungushia duara, kwa sababu nimekaa miaka nikiamini kichekesho ni pambo la kisa, kumbe hapa ndicho shimo ilimofukiwa mbegu.

Na wakishaipokea ile simu wanafanya nini? Wanaweka cha juu. Raju anageuka dalali wa utekaji: mtekaji ametaja bei yake, wao wanampigia Devi Prasad wanamtajia mara mbili, tofauti wagawane. Pale ndipo huwa nashindwa kukaa kimya, hata leo nimeshindwa. Sijui Wahindi wanakiitaje cha juu, lakini nadhani kibanda kizima kilikielewa kabla mkalimani hajafungua mdomo.

Saa 4 asubuhi

Mwendokasi kutoka Kimara, nimesimama, begi kifuani. Nawaza shida yangu halisi. Tamthilia yangu ina watu watatu kwenye nyumba moja ya kupanga Mabibo: dereva wa bodaboda, mwalimu aliyeachishwa kazi shule binafsi, na mama mwenye nyumba. Nataka waingie kwenye sakata lisilo lao, kwa simu. Lakini leo nani anakosea namba? Namba imehifadhiwa kwa jina na picha. Ukituma pesa, jina la mpokeaji linatokea kabla hujaweka namba ya siri. Wazo la kwanza lilikuwa ile meseji ya matapeli, "ile hela itume kwenye namba hii", nikaliacha. Kila Mtanzania ameshaipata na kila mchekeshaji ameshaitumia.

Hera Pheri yenyewe imehamishwa. Kisa kilichukuliwa Kerala, kwenye filamu ya Kimalayalam ya mwaka 1989, Ramji Rao Speaking, kazi ya kwanza ya Siddique na Lal kama waongozaji. Kule Baburao siye fundi wala hana gereji: ni Mannar Mathai, mwenye kikundi cha maigizo ya jukwaani. Priyadarshan, naye mtu wa Kerala, alipokileta kisa kwa watazamaji wa Kihindi alibadilisha riziki ya mzee, simu akaiacha ilivyo. Mazungumzo yakaandikwa na Neeraj Vora. Ndiyo maana sipendi mtu aniambie "tafsiri tu hiyo". Ukihamisha kisa unahamisha kwanza kazi za watu, maana kazi ndiyo inayoamua mtu anaamka saa ngapi, anadaiwa na nani na anaogopa nini.

Simu inatetema begini. "Mama Shadia yupo?" Sauti ya mwanaume. Nakata, kituo changu kimefika.

Saa 6 mchana

Ofisi ya prodyuza Kinondoni, feni inalia kama cherehani. Siyo mtu mbaya, na anaijua kazi yake. "Dada, watu wanaangalia kwenye simu. Dakika ya kwanza hawajacheka, wanaruka. Mwenye nyumba ateleze bafuni, basi."

Namwambia kuteleza bafuni kutachekesha mara moja.

"Baburao je? Si miwani tu ile na lile bukta? Na Filmfare wakampa tuzo ya uchekeshaji."

"Walimpa Paresh Rawal, na filamu nzima hachekeshi kwa makusudi. Anajiona ndiye mwenye akili mle ndani."

Ananiangalia. Tunabishana robo saa kuhusu bukta. Mimi naapa ni dhoti anayovaa muda mwingi, yeye hakubali. Kwenye hoja moja ananishinda, na nakiri hapa kwa kuwa hatasoma: kurasa zangu sita za mwanzo zilikuwa madeni matupu, bila simu hata moja ya samaki. Nilipanda mbegu juu ya saruji. Tunakubaliana nizipunguze ziwe kurasa nne, na nimpe kitu cha kucheka kwenye ukurasa wa kwanza, niwaze mwenyewe ni kitu gani, mradi kesho asubuhi kimfikie.

Saa 8 mchana

Chipsi mayai, pilipili nyingi. Malipo ya episodi ya pili bado. Tuyaache.

Saa 9:15 alasiri

Kituoni nasubiri basi. Simu. Yule mwanaume tena: "Dada, usikate. Mwambie Mama Shadia kikoba kinavunjwa Jumamosi, watu wanataka chao."

Nabaki nimeishika simu sikioni hata baada ya yeye kukata. Miaka miwili nimeamini Mama Shadia anauza vitumbua. Sijui kwa nini vitumbua. Kumbe ni mhazini wa kikoba.

Halafu naanza kucheka peke yangu, kijana wa karibu anasogeza begi lake upande wa pili. Hakuna aliyekosea namba. Namba ni yenyewe. Mtu ndiye aliyebadilika. Laini isipotumika muda mrefu, kampuni inaifunga na baadaye inaiuza upya kwa mtu mwingine, na kwenye simu za wanakikoba jina langu bado ni Mama Shadia. Kitabu cha simu cha Baburao kimerudi, kimehamia ndani ya kichwa cha kila mwanachama.

Saa 12 jioni mpaka saa 3 usiku

Sini ya kwanza, naiandika upya. Alfajiri, giza. Dereva wa bodaboda, Side, amenunua laini mpya kwa kuwa ya zamani anaikimbia. Kampuni ya mikopo ya mtandaoni imempigia mpaka shangazi yake. Laini mpya inaita. Mwanamke anamwamkia kwa heshima, anamuita Mama Shadia. Side anajibu kwa sauti nene. Mwanamke anasema, "Mafua hayo, mama, chukua tangawizi." Ukurasa wa kwanza una cha kucheka, na hakuna aliyeteleza.

Ukurasa wa tatu simu tena, mwingine anauliza hali ya mafua. Ukurasa wa nne mwalimu anahesabu kodi mezani, senti kwa senti, na simu inaita pembeni bila kupokelewa. Hapo sijaweka kichekesho chochote. Nilikuwa nimeweka, nikakifuta, nikakirudisha, nikakifuta.

Simu ya fedha naisogeza hadi mwisho wa episodi ya tano. Prodyuza atapiga kelele. Nitamwambia aende akaangalie Kabira anapiga dakika ya ngapi.

Umeme unakatika saa mbili na nusu. Betri ina asilimia 18, inanitosha kumtumia.

Saa 4 usiku

Niko kitandani, taa ya tochi, daftari la madeni kifuani. Simu inaita. Namba ile ya alfajiri.

"Mama Shadia, samahani kwa usiku. Nilikuwa nauliza tu, hivi mimi kwenye daftari lako nimeandikwa?"

Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe chekundu. Nimekiondoa, nimefungua ukurasa mpya.

"Unadai kiasi gani, mama?"