"Najua" mara 26

Jana mama watoto kasafiri, nyumba imepoa, nikajikuta narudia wimbo "Ain't No Sunshine" wa Bill Withers kama mara kumi hivi. Pale anaposema "najua, najua" mfululizo nikahesabu kwa vidole: 26!

Miaka yote nilidhani ni ufundi wa makusudi. Kumbe jamaa alikuwa hajamaliza kuandika. Alitaka kuja kuongeza maneno pale, wenzake studio wakamwambia aache vilevile. Akawasikiliza, maana wazoefu walikuwa wao (prodyuza alikuwa Booker T. Jones, mpiga kinanda mashuhuri, si mchezo). Yeye bado alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, anatengeneza vyoo vya ndege! Ile picha ya jalada la albamu, kashika kisanduku cha chakula, ilipigwa kazini kwake saa ya mapumziko.

Halafu mwaka 1971 wimbo ukatolewa upande B, yaani upande wa pili wa sahani, ule usiotegemewa kuvuma. Ma-DJ wakageuza sahani wenyewe. Ukapanda hadi nafasi ya 3 Marekani, ukaleta na Grammy. Kazi ya kiwandani hakukimbilia kuiacha, hakuuamini muziki. Hapo ndipo aliponimaliza.

Saa saba usiku jirani kagonga ukuta. Nikapunguza sauti. Kuzima, hapana.