Njia ya ng'ombe ilivyotukalisha pamoja

Huku Kilosa ukitaja Rudewa mbele ya wazee, sauti zinashuka. Desemba 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni kwenye mapigano ya wakulima na wafugaji. Kijiji nilichopangiwa kuwa mtendaji kiko mbali kidogo na hapo, lakini kila ng'ombe akiingia kwenye mahindi hakosekani mtu wa kulitaja jina hilo, tena kwa kutisha.

Mkutano wangu wa kwanza niliuharibu mwenyewe. Nilipanga mabenchi pande mbili za mwembe, wakulima huku, wafugaji kule, mimi na mwenyekiti katikati kama marefa. Nikafungua kwa kuwasomea Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999! Haikupita nusu saa, mkulima mmoja akainua juu bua lililotafunwa, na kijana wa Kimaasai akatoa simu yenye picha ya ndama aliyekatwa panga. Tukatawanyika na hasira mpya juu ya zile za zamani.

Wiki hiyo nilikwenda gulioni kununua maziwa. Mama wa Kimaasai ninayemzoea alikuwa amekaa mkeka mmoja na mama wa Kikaguru anayeuza maharage.

"Supai, yeyo," nikamsalimia kwa Kimaasai; yeyo ni mama.

"Epa, mama mtendaji."

Nikawauliza, nusu utani, mbona wao hawagombani. Yeyo akacheka. "Huyu ananidai debe la mahindi. Nikigombana naye watoto watakula nini?" Kisha akaniambia jambo ambalo wanaume hawakulitaja mkutanoni: njia ya zamani ya kwenda lamboni ililimwa. Ng'ombe wana kiu, na pa kupita ni mashambani tu. Mwenzake akaitikia. Kumbe kiongozi mmoja aliyenitangulia ndiye aliyegawa viwanja juu ya ile njia.

Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe 7, na wanawake wasipungue 3. La kwetu lilikuwa kwenye makaratasi tu, halijawahi kuketi. Tuliliunda upya, mkutano mkuu ukaliidhinisha, na wale mama wawili wakaingia. Kazi yake ni kusuluhisha, halihukumu mtu, na nadhani ndiyo sababu watu walikubali kufika.

Ugomvi mkubwa ulikuwa upana wa njia. Ofisini wakulima walisema hatua 5, wafugaji 30, nami nilikuwa karibu kukata katikati kama tunapatana bei ya kanga. Laigwanani, kiongozi wa kimila wa Wamaasai, mzee asiyesema sana, akashauri tusubiri ng'ombe waende kunywa. Asubuhi tukasimama kwenye umande. Kundi likapita, na vijana, mmoja wa kila upande, wakalifuata wakichomeka vigingi pale kwato za pembeni zilipokanyaga. Tukahesabu hatua 18, na kwenye kona ya korongo 22. Hakuna aliyebisha, maana sote tulikuwa tumeona.

Akabaki mzee mmoja ambaye njia ilipasua shamba lake. Wiki mbili alikataa hata kunikaribisha kiti. Kwenda kwake na laigwanani ndiko kulikosaidia, tena hatukuanza na habari za njia, tulianza na udongo wake uliochoka. Wakapatana wenyewe: akishavuna, ng'ombe wale mabua na kulala shambani kwake siku kumi, samadi ibaki. Kijiji kikamfidia ekari moja upande wa pili.

Msimu uliofuata ng'ombe waliingia shambani mara mbili kwa ninavyojua. Mara ya pili mwenye ng'ombe alimpigia simu mwenye shamba kabla yangu, wakamwita bwana shamba akafanya tathmini, na nikaletewa karatasi tu ya kugonga muhuri.

Vigingi, hata hivyo, viliibwa kuni ndani ya mwezi. Kila upande ukausingizia mwingine (mimi namshuku jirani yangu). Tukaamua kupanda minyaa, ambayo si rahisi kuibwa kuni wala kuliwa na ng'ombe. Siku ya kupanda wale mama wa gulioni walikuja na majembe yao, wakibishana kuhusu debe la mahindi, ambalo lilikuwa bado halijalipwa.