Leo hukutuongoza, Mwalimu

Tamasha limepita salama, mdogo wangu kavishwa pete, shule imepata mkuu mpya ambaye tayari ameshanyofoa kipindi kimoja cha muziki, na mimi wiki nzima nimekwama kwenye maneno ya mzee wa besi, sauti ya chini kabisa kwenye kwaya ninayoiongoza.

Mnamfahamu. Yule asiyekosa mazoezi, anayejiandikia solfa, zile do-re-mi, kwa penseli juu ya kila neno hata kwenye karatasi iliyokwisha kuchapwa solfa. Tulikuwa tumemaliza, watu wanapigana picha, yeye anakunja karatasi zake mara nne kama kawaida yake. Akatia miwani mfukoni.

"Mwalimu, leo hukutuongoza."

Nikatabasamu nikingoja kilichobaki, maana mzee huyu huongea kwa vituo.

"Umetufuata."

"Asante, baba."

Asante ya nini sasa? Akaitikia kwa kichwa, akaenda kutafuta koti lake.

Njia nzima Baba Pacha alishikilia kwamba ni sifa: kwaya imekomaa, inajiendea. Nilikubali mpaka nilipozima taa, na gizani ikageuka kuwa tusi. Asubuhi ikawa sifa tena, nikapiga mswaki nikiimba. Saa nne, katikati ya kipindi cha darasa la tatu, tusi likarudi na mizigo yake.

Asiyeongoza kwaya ataona nakuza mambo, basi ngoja nieleze. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Besi aliyesimama mita 10 kutoka nilipo, sauti yake inanifikia imechelewa karibu sekunde 0.03. Ni kidogo, lakini mwongozaji anayengoja asikie ndipo apige pigo linalofuata atachelewa kidogo; kwaya itaona mkono umechelewa, nayo ichelewe zaidi; na kufika ubeti wa tatu wimbo umelala. Ndiyo maana tunafundishwa tangu mwanzo kwamba mkono hutangulia sauti. Unavuta pumzi pamoja nao pigo moja kabla, na pumzi hiyo ndiyo inayowapa kila kitu: kasi, ukubwa wa sauti, mpaka irabu ya kwanza. Ukivuta kifua kimekubana, wao watatoa sauti iliyobanwa. Sasa umwambie mtu wa kazi hii kwamba amefuata! Tena aseme mzee aliyeimba chini ya walimu wengi kabla yangu, na ambaye hajawahi kuniambia neno la kunibembeleza.

"Shukuru hukujigonga mguu," alisema Baba Pacha, akijiona mcheshi. Kisa hicho nilimpa mimi mwenyewe. Jean-Baptiste Lully, yule wa kasri la mfalme wa Ufaransa, alikuwa anaongoza kwa kugonga fimbo sakafuni, siku moja akajigonga mguu, kidonda kikaoza, akafa Machi 1687. Sikucheka.

Kisha shemeji akatuma video. Kairekodi kwa simu kutoka pembeni, na kichwa cha mtu kimeziba nusu ya sauti ya pili. Nikaiwekea metronomu, kile kifaa cha kupimia kasi ya wimbo. Tulianza mapigo 76 kwa dakika, tukamaliza 76. Nilishangilia peke yangu jikoni, nikamwandalia mzee hotuba nzima kichwani, na takwimu zake.

Lakini sikuizima. Kuna pale ukurasa wa tatu, sauti zote zinaponyamaza kabla ya kiitikio cha mwisho. Kwenye nakala yangu nimeweka kituo kifupi tu. Kwenye video mikono yangu iko juu, imesimama kabisa. Sauti ya nne, yaani besi, wanavuta pumzi. Wote kwa mpigo mmoja, na mabega yametulia, mabega niliyoyapigia kelele miaka na miaka. Kinachotanuka ni mbavu. Wamevuta kabla mkono wangu haujasogea hata kidogo. Halafu ndipo mkono unashuka, na kwaya nzima inaingia kama mlango mmoja uliofunguliwa. Mzee mwenyewe wala hanitazami. Anatazama mahali fulani juu ya kichwa changu, shingo imelegea, na sijawahi kuisikia ile *do* ya chini ikitua vile.

Nilirudisha pale mpaka chaji ikakata.

Hiyo nayo ni kazi yangu, au ni yao? Darasani nawafundisha wadogo ishara za mkono zile za John Curwen, zilizokuja kuenea zaidi kwa wafuasi wa Zoltán Kodály: *do* ngumi, *mi* kiganja kimelala, *ti* kidole kinaelekeza juu. Nikishaona zimewaingia, namwita mtoto mmoja mbele aongoze, nami nakaa kwenye dawati niimbe na wenzake. Juzi alikuja yule binti mkimya. Akakaa kwenye *ti*, akakaa, kidole kinatetemeka, darasa zima limeshikilia nota na macho yamewatoka, mpaka alipoamua kwa hiari yake kutupeleka *do*. Pale kumfuata hakukunisumbua hata chembe. Nilipiga makofi.

Basi Alhamisi nikajaribu kwa wakubwa. Nikawapa pigo la maandalizi, nikaweka mikono mfukoni. Walikwenda. Waliingia vizuri, walisikilizana, kasi haikuyumba. Ila sauti ya kwanza walikuwa wanashuka pole pole kila wimbo unapoteremka kwenda *mi*, wakawavuta na wenzao, na nilipogusa kinanda mwishoni tulikuwa chini nusu toni nzima. Nilifurahi kuliko inavyostahili.

Mzee sijamuuliza alimaanisha nini. Alikuja, akaketi, akachonga penseli yake. Nikimuuliza atajibu, na mimi sasa nakipenda kile nilichokiona kwenye video kuliko jibu lolote atakalonipa.

Kinachonikosesha usingizi leo ni kingine. Shule ya watoto inataka vyeti vya kuzaliwa vya pacha wote wawili Jumatatu asubuhi, na kwenye faili nimekuta kimoja. Baba Pacha anaapa aliviweka pamoja. Nimeshapekua kabati la nguo na mkoba wa nota. Limebaki lile sanduku la juu, ambalo kulishusha kunahitaji watu wawili, na mmoja wao ameshalala.