Mirija 184 kabla ya giza

Saa 1 asubuhi nafungua karakana hapa Katuba, Lubumbashi. Umeme umekatika tangu usiku, basi tunawasha makaa. "Yaya, rejeta ya Papa wa Kasumbalesa ndiyo leo?" mwanafunzi ananiuliza. Yaya kwetu ni mkubwa, Papa ni mzee. Ndiyo leo.

Vipimo vya rejeta hiyo, kipoza maji ya injini ya lori lake, nilichukua jana: kimo sentimita 60, safu 4, kila safu mirija 46. Hiyo ni mirija 184, na kila mmoja una ncha mbili: viungo 368 vya kulehemu. Kimoja kikivuja, ni kama vyote vimevuja.

Saa 2 Papa mwenyewe anatokea. Anataka mapezi, vile vibati vyembamba vinavyopitiwa na mirija, 14 kwa inchi kama yale ya zamani. Nakataa. Mapezi mengi yanapoza vizuri mahali penye hewa safi, ila lori lake linapita barabara za migodi. Rejeta ya zamani nimeichokonoa kwa waya: usoni safi, katikati vumbi na mafuta vimeshikana kama tofali. Nitamwekea 10, yaani mapezi 236 badala ya 330 hivi. Ananitazama kama mtu anayeibiwa shaba. Halafu namwonyesha kizibo cha rejeta yake, kinachoshika mgandamizo ndani: mpira umekatika. Lubumbashi iko mita kama 1,200 juu ya bahari. Bila mgandamizo maji yanachemka kwenye digrii 96 tu. Kizibo hicho ndicho nusu ya ugonjwa wake. Hapo ananyamaza.

Kutoka saa 3 hadi saa 8 ni kuchomeka mirija tu. Kila tundu la pezi lina kola ndogo inayoushika mrija. Ukisukuma kwa hasira kola inapasuka, na pezi lisilogusa mrija ni pambo. Vidole vyangu vina makovu ya miaka. Bukari (ugali) na ndakala, visamaki vikavu, tunakula tumesimama.

Saa 9 tanuru. Mirija imeshapakwa lehemu ya bati na risasi, inayoanza kuyeyuka kwenye digrii 183. Shaba haijali, yenyewe inangoja 1,085. Kinachoharibika ukizidisha moto ni asidi tuliyoiua kwa zinki, ile inayosafisha shaba ili lehemu ishike: ikiungua, lehemu inajikunja vitonevitone kama maji kwenye jani la yugwa. Milango yote wazi, maana moshi wa risasi si wa kuvuta.

Saa 11 tunaziba midomo, tunajaza hewa kwa pampu mpaka bar 1, tunazamisha kwenye pipa. Povu. Dogo, safu ya 3, pale mkono hauingii. Mwanafunzi anataka kuuziba mrija ule pande zote mbili, ibaki 183, "Papa hatahesabu, Yaya." Kwenye rejeta kuukuu ningekubali. Hii ni mpya. Tunaitoa, tunaikausha, napitisha moto upya kwa ncha ndefu.

Giza limeingia tunapozamisha tena. Mwanafunzi anashika tochi ya simu juu ya pipa. Maji yametulia, naye hataki kuinua kichwa.