Majivu ya Jana

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juma hili nimekaa kwenye Mambo ya Walawi sura ya 6, kitabu ambacho wengi wetu hukipita mbiombio tukielekea Zaburi. Mstari wa 13 unasema: "Moto utatunzwa uwake juu ya madhabahu daima, usizimike." Ukifika sura ya 9 utaona moto ulivyotoka mbele za Bwana ukateketeza sadaka, watu wakapiga kelele wakaanguka kifudifudi. Moto ulitoka kwa Mungu. Kuni zilitiwa na kuhani, kila siku asubuhi.

Habari ya kuni tumehubiriwa sana: Neno, maombi, kufunga, ushirika. Ni kweli tupu. Ila safari hii kilichonishika ni mistari ya 10 na 11. Kuhani alivaa nguo zake za kitani, akayazoa majivu na kuyaweka kando ya madhabahu. Kisha akabadili mavazi, akayapeleka nje ya marago, yaani kambi, mahali safi. Aliyewahi kukaa na moto wa kuni anaelewa. Majivu yakijaa, hata kuni kavu hufuka moshi tu.

Na majivu yale hayakuwa takataka. Yalikuwa mabaki ya sadaka iliyoteketezwa kweli jana yake, mbele za Bwana, kwa moto wake mwenyewe.

Hapo ndipo Neno lilinichoma. Kuna kipindi niliomba mbele za watu, maneno yakaja yamejipanga, wakaitikia Amina, nami ndani nimekauka. Nilitafuta dhambi, na niliyoiona niliitubu. Bado ukavu ukabaki. Baadaye nikagundua kwamba kila nilipoombwa ushuhuda nilisimulia siku niliyookoka. Ulikuwa ushuhuda wa kweli, nao nitausimulia hadi kufa. Lakini ushuhuda wa asubuhi ile sikuwa nao. Nilikuwa naota majivu.

Angalieni kwamba yalipelekwa mahali safi. Mungu haidharau sadaka yako ya jana: mikesha ile, machozi yale, miaka uliyotumika. Anaiheshimu. Lakini haiwaki tena, na haiwezi kushika nafasi ya sadaka ya leo.

Kanisa la Efeso linanitia hofu kwa sababu hii hii. Paulo alikaa kwao miaka mitatu. Waliokuwa wakifanya uganga walichoma vitabu vyao hadharani, thamani yake vipande 50,000 vya fedha. Mtu hachomi mali ya namna hiyo kwa moyo vuguvugu. Katika Ufunuo 2 Bwana anawasifu kwa matendo, taabu na subira, na anasema wazi kwamba hawakuchoka. Halafu anasema: "Lakini nina neno juu yako, ya kwamba umeuacha upendo wako wa kwanza." Hawakuchoka, na upendo wameuacha! Ndugu yangu, usijipime kwa wingi wa huduma yako.

Timotheo alikuwa Efeso hiyo hiyo Paulo alipomwambia abaki kule, naye ndiye aliyeandikiwa baadaye, "uichochee karama ya Mungu." Neno la Kigiriki lililotumika pale limebeba picha ya moto unaopulizwa uwake tena. Kumbe makaa yapo. Kama unahuzunika kwamba huombi kama zamani, huzuni hiyo yenyewe ni kaa linalowaka chini ya majivu. Usikubali kuambiwa kwamba Roho amekuacha.

Basi juma hili jaribu hivi. Asubuhi, kabla ya orodha ya maombi, kabla hata ya kufungua Biblia, kaa kimya mbele za Bwana umtajie majivu yako kwa jina. "Bwana, hili ulinitendea, nakushukuru, naliweka kando." Kisha mwambie lililo moyoni leo, hata kama ni moja tu, hata kama ni kwamba huna hamu ya kuomba. Daudi aliomba hivyo mara nyingi, bila kupamba. Sala fupi ya kweli ni ukuni mkavu.

Baba, tumekuja na mikono yenye majivu. Tuzoe yaliyojaa, utuvuvie pumzi yako. Tunataka kukupenda leo. Katika jina la Yesu, Amina.