Mbaazi za nazi na mahamri: lawama iende panapostahili

Hapa Mombasa mtu akiambiwa na daktari apunguze mafuta, cha kwanza kushtakiwa ni nazi, na mbaazi huachwa pamoja nayo. Hilo linatusikitisha. Mbaazi kavu zina protini takriban gramu 20 katika kila gramu 100, na nyuzinyuzi zake hufanya sukari ipande polepole kwenye damu. Mzigo mkubwa uko kwenye mahamri.

Robo kilo ya mbaazi yatosha watu wanne. Roweka usiku kucha, mwaga maji yale, chemsha kwa maji mapya mpaka zibonyee. (Zikiingia mbichi sokoni Kongowea, hakuna haja ya kuroweka.) Nazi ni moja tu, ikune, kamua mara mbili. Tui jepesi ndilo la kupikia, pamoja na kitunguu, manjano na pilipili mbichi. Tui zito, nusu kikombe, litiwe mwisho kwa moto mdogo huku ukikoroga. Likichemka kwa nguvu hukatika, mafuta yakaelea, na wapishi wengi huongeza tui jingine kuficha kosa. Hapo ndipo mchuzi unapozidi mafuta, nayo mafuta ya nazi mengi yake ni ya aina inayopandisha kolestro. Chumvi, nusu kijiko cha chai kwa sufuria nzima. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na achari nayo ihesabiwe.

Mahamri sasa. Unga nusu kilo, sukari vijiko vitatu vya chakula. Hiliki ikiwa mpya, utamu hautapungua. Acha donge liumuke sawasawa. Kabla ya kukaanga, tupia kipande kidogo karaini: kikipanda upesi na mapovu, mafuta yako tayari. Kikikaa chini, ngoja. Mvuke unaotoka ndani ya hamri ndio unaoyazuia mafuta yasiingie, na karai likiwa vuguvugu mvuke huo ni haba, hamri likanywa mafuta. Mafuta yaliyokuwa meusi na mazito yamwagwe, yasichanganywe na mapya. Mwenye ugonjwa wa sukari ale hamri moja na azidishe mbaazi.

Chai isinywewe papo hapo, iwe ya rangi au ya maziwa: huzuia madini ya chuma ya mbaazi yasifyonzwe vizuri. Mama mjamzito hasa angoje saa moja. Mezani pawe na ndimu badala yake, ikamuliwe juu ya mbaazi zikishapakuliwa, kwani vitamini C husaidia chuma hicho kuingia mwilini.